Nimesoma ujumbe wa binti yangu kwa siri, na sasa siwezi kunyamaza

BARUA

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 41, naishi Tanga mjini na nimeajiriwa serikalini. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Hupeleka mizigo Zambia na Kongo, na mara nyingi hukaa safarini wiki tatu hadi mwezi mzima, hivyo malezi ya kila siku yako mikononi mwangu. Ninayekuandikia habari zake ni binti yetu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 16, aliye kidato cha tatu katika shule ya kutwa.

Matokeo ya kidato cha pili yalipotoka mwanzoni mwa mwaka huu, na akawa amefaulu vizuri, baba yake alimnunulia simu. Shuleni simu haziruhusiwi, lakini nyumbani ilihitajika, kwa sababu mwalimu wa tuisheni hutuma maswali ya mazoezi kwenye kundi la WhatsApp na wenzake karibu wote walikuwa humo. Siku ile nilimwambia mbele ya baba yake kwamba simu ni yake, kwamba sitaichungulia, na kwamba ninamwamini. Nilichosema nilikimaanisha.

Baada ya miezi michache alianza kubadilika. Alikuwa mtoto wa kukaa nami jikoni akinisimulia ya shuleni; akawa mtu wa kujifungia chumbani na kuigeuza simu kifudifudi kila ninapopita. Usiku mmoja alilala akaiacha sebuleni ikiwa kwenye chaji. Namba ya kuifungua nilikuwa nimemwona akiiweka. Nikaifungua, nikaiunganisha WhatsApp yake na simu yangu ya zamani, ambayo naihifadhi kabatini chini ya kanga. Tangu siku hiyo, kwa muda wa miezi mitatu sasa, watoto wakishalala mimi hukaa kitandani nikasoma aliyoandika mchana.

Mengi ni mambo ya kawaida ya wasichana. Mengine yaliniumiza, kama pale alipomwandikia rafiki yake kwamba nyumbani kwetu mtu husikilizwa akiwa mgonjwa tu. Nilitamani kumwamsha nimuulize ni lini nilikataa kumsikiliza, lakini ningemuulizaje bila kujifichua?

Kinachoninyima usingizi ni mtu ambaye amemwandika kwa jina la Kaka B. Kwa jinsi wanavyoandikiana walifahamiana TikTok, na yeye anasema ana miaka 22. Mwanzoni alikuwa akimsifia tu. Kisha akaanza kumtumia bando, kisha akamtumia shilingi 10,000 ya kununulia kitabu. Baadaye akaomba picha, kwanza ya sare za shule, halafu picha ambayo, kwa maneno yake, hatamwonyesha mtu mwingine yeyote. Binti yangu alikataa mara mbili, na mara zote mbili nililia kwa furaha. Mara ya tatu alijibu kwamba atafikiria. Sasa huyo mtu anataka wakutane Jumamosi moja baada ya tuisheni, na amemsisitiza asimwambie mtu. Wiki iliyopita mazungumzo yao yaliwekwa katika hali ya ujumbe unaotoweka baada ya saa 24, na tangu hapo baadhi ya siku nafungua na kukuta hakuna kitu.

Binti yangu hajui kwamba ninasoma, na kwa hiyo imani yake kwangu bado ipo. Nikimwambia, nitaipoteza. Nikinyamaza, huenda nikampoteza yeye mwenyewe. Yeye hanielezi lolote. Siku hizi tunazungumza maneno mafupi ya kazi. Juzi tukichambua mchele aliniuliza kama mtu akipewa kitu na mtu mzima bila kuomba ni lazima amlipe, nami nilikuwa nimechoka, nikamwambia mambo ya madeni ayaache, akamalizie vyombo. Hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Mdogo wangu wa kiume amenishauri niweke programu ya upelelezi ambayo hunasa kila kitu kinachoandikwa na hata sauti. Mume wangu, nilipomgusia tu kwamba binti anatumia simu kupita kiasi, alisema akirudi ataivunja na kumpeleka shule ya bweni. Atarudi baada ya wiki mbili. Wifi yangu, ambaye binti anampenda mno, hajui lolote.

Je, nilikosea kusoma? Na sasa nimwambie, au nitafute njia ya kumwokoa bila yeye kujua nilivyojua?

Mama, Tanga

JIBU

Marahaba mama, na pole sana kwa miezi mitatu ya kubeba jambo hili peke yako.

Kabla ya yote kuna suala la Jumamosi. Tarehe hukuitaja, kwa hiyo naandika nikichukulia kwamba haijafika. Swali la imani kati yako na binti yako linaweza kuchukua wiki nyingi kulitatua, lakini kumzuia asikutane peke yake na mtu huyu haliwezi kungoja hata wiki. Kama hujawa tayari kusema lolote, basi siku hiyo mfuate tuisheni, au umtume wifi yako amfuate, muende naye popote. Mtu anayetoa zawadi ndogo ndogo, akaomba siri, akaomba picha, akaomba kuonana, anafuata mpangilio ambao polisi na wahudumu wa watoto wanaujua vizuri: kila hatua humfanya mtoto ajione mdaiwa wa hatua iliyotangulia. Hata hiyo miaka 22 ni maneno yake tu.

Sasa turudi kwenye barua. Kama nimekuelewa, unajua jambo ambalo hukupaswa kulijua kwa ahadi uliyoitoa, na ambalo huwezi kulinyamazia kwa wajibu ulio nao. Unaona njia mbili, kusema na kupoteza imani, au kunyamaza na kupoteza mtoto. Naomba uniruhusu niulize juu ya mambo mawili uliyoyaandika kana kwamba ni ya hakika.

La kwanza, umesema hajui. Una hakika? Kifaa kikiunganishwa na WhatsApp, huonekana katika orodha ya vifaa vilivyounganishwa ndani ya simu ya mwenyewe, pamoja na muda kilipotumika mara ya mwisho. Zaidi ya hapo, ujumbe mpya ukisomwa kwenye simu yako ya kabatini, kwenye simu yake huonekana umekwisha kusomwa kabla hajaugusa. Msichana wa miaka 16 anayeamka na kukuta ujumbe wa usiku umefunguliwa hahitaji fundi wa kumweleza. Huenda Kaka B ndiye aliyemwagiza aweke ujumbe wa kutoweka, kwa kuwa watu wa aina hii hupenda kufuta nyayo zao. Huenda pia ni yeye mwenyewe aliyeuweka baada ya kugundua kwamba chumba chake kina mtu mwingine. Sijui ni lipi kati ya hayo. Lakini kama ni la pili, hiyo imani unayoogopa kuipoteza ilikwisha kutikiswa wiki iliyopita, na binti yako anakutazama tangu siku hiyo akingoja kuona kama utasema.

La pili, umesema hakuelezi lolote. Mama, hebu rudi kwenye sinia la mchele. Mtoto aliyepokea bando na shilingi 10,000 kutoka kwa mtu anayemtaka alipe kwa picha alikuuliza, akiwa ameinamisha macho kwenye mchele, kama mtu akipewa kitu bila kuomba ni lazima alipe. Ulikuwa umechoka, na mimi sikulaumu hata kidogo. Mwanamke anayelea watoto watatu huku akitoka kazini kila jioni ana haki ya kuchoka. Nataka tu uone kwamba alikuja. Alipiga hodi kwa sauti ndogo sana, nawe ulikuwa unamsikiliza kupitia simu iliyo kabatini, kiasi kwamba hukumsikia aliyekaa mbele yako.

Mwaka 2000 watafiti wawili, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walichapisha utafiti waliofanya Sweden kwa vijana wa miaka 14 na wazazi wao. Kabla yao iliaminika kwamba wazazi wanaojua mambo ya watoto wao wanayajua kwa sababu wanafuatilia. Wao waliona kwamba sehemu kubwa ya kile wazazi walichokijua ilitokana na watoto kusimulia kwa hiari yao, kuliko kuhojiwa au kuwekewa masharti. Sweden si Tanga, lakini barua yako inanipa sababu ya kuamini kwamba jambo hilo si geni huku kwetu. Kwa miezi mitatu umejua maneno ya binti yako bila kupata nafasi ya kuyajibu hata neno moja. Alipoandika kwamba hasikilizwi, ulikuwa mtu pekee nyumbani aliyeyasikia, na ndiye ambaye hakuweza kumjibu.

Umeniuliza kama ulikosea. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, katika kifungu chake cha 10 unamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake, na hapo hapo unawapa wazazi haki ya kuwa na usimamizi wa kiasi juu ya mwenendo wa watoto wao. Waandishi wake hawakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana, ingawa waliacha neno "kiasi" tulipime wenyewe, kila mtu nyumbani kwake. Usiku ule ulipoifungua simu hukuwa umeona hatari yoyote. Ulikuwa na hofu tu, na ulikuwa umeahidi. Ulichokikuta ndani ni hatari ya kweli, na kama usingekikuta, leo nisingekuwa nakuandikia juu ya Jumamosi. Yote mawili ni kweli, na sidhani kwamba moja linalifuta jingine. Pengine swali litakalokusaidia zaidi ni namna utakavyokuwa unamtazama binti yako kuanzia sasa: yeye akijua, au bila kujua.

Ziko njia kadhaa mbele yako. Programu anayoishauri mdogo wako inarefusha siri badala ya kuimaliza, na ina hatari nyingine ambayo wauzaji wake hawaisemi: maneno, sauti na picha za mtoto wako zitahifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni usiyoijua, na kampuni za namna hiyo zimewahi kuvujisha data za waliopelelezwa. Ungekuwa unakusanya kwa mkono wako kile kile Kaka B anachokitafuta.

Kuvunja simu, kama anavyotaka baba yake, kunatuliza hasira ya siku moja. Namba ya mtu huyo binti anaweza kuwa nayo kichwani, simu za marafiki zipo, na ushahidi wa alichokisema utakuwa umevunjika pamoja na kioo. Ninachokihofia zaidi ni somo atakalolipata, kwamba mtoto akiingia matatani na matata hayo yakajulikana, anaadhibiwa yeye. Mtu anayewinda watoto hutegemea sana somo hilo; ndilo humwezesha kusema, "Ukimwambia mama yako, utapigwa." Shule ya bweni inaweza kufaa kwa sababu nyingine, nayo mtaijadili kwa wakati wake, lakini akipelekwa sasa ataielewa kuwa ni kufukuzwa nyumbani.

Unaweza pia kujifanya umejua kwa njia nyingine, labda kupitia jirani au mwalimu. Najua kishawishi hicho, kwa sababu kinaonekana kulinda kila kitu. Ila utalazimika kumtwika mtu asiyehusika, binti ataanza kumsaka aliyemchongea, na siku atakapoiona simu ya kabatini atakuwa amegundua uongo wawili badala ya mmoja.

Wifi yako ni hazina, na ningependa umfikirie kwa makini. Kwetu pwani mama hakuachiwa peke yake kumfunda binti juu ya mwili wake na juu ya wanaume. Alikuwepo somo, mtu mzima aliyeaminiwa, ambaye msichana aliweza kumuuliza yale ambayo haya ilimzuia kumuuliza mama. Nyumba nyingi zimeacha utaratibu huo bila kuweka kitu mahali pake, na nadhani simu imeingia katika nafasi iliyobaki wazi. Shangazi anayependwa anaweza kusikia mambo ambayo wewe hutayasikia. Hatari ni kumtuma kama mpelelezi mwingine, akajifanya anamtembelea tu ilhali amepewa maswali. Akija, aje binti akijua kwamba umemwambia na ni kwa nini.

Inabaki njia ya kumwambia ukweli, ambayo barua yako inaizunguka tangu mwanzo hadi mwisho. Sitakuahidi kwamba itakwenda vizuri. Anaweza kulia, kukasirika, kukaa wiki nzima bila kukusemesha, na hasira hiyo itakuwa na haki yake. Ukiichagua, tafuta saa ambayo wadogo zake hawapo, na kazi ya mikono, kama ule mchele, kwa sababu maneno mazito hutoka kwa urahisi zaidi pale watu wasipolazimika kutazamana. Anza na lako kabla ya lake. Unaweza kusema kwa namna yako mwenyewe: "Mwanangu, nilikuahidi sitaichungulia simu yako, na ahadi hiyo niliivunja. Niliogopa, na badala ya kukuambia kwamba naogopa, nikasoma. Naomba unisamehe. Sikuiti ili nikugombeze. Kuna mtu mzima anayenitisha mimi kuliko anavyokutisha wewe, na juzi uliniuliza swali nikalipuuza. Nataka kulijibu leo. Hapana, hudaiwi kitu." Kisha nyamaza, hata kama ukimya utakuwa mrefu. Usimsomee ujumbe wake, wala usimtajie mengine yote uliyoyasoma, yakiwemo yale aliyomwambia rafiki yake; hayo hayamhusu Kaka B, na kuyataja kutamvua nguo mbele yako bila sababu.

Mwambie pia kwamba uliona alivyokataa mara mbili. Hakuna mwingine aliyeliona hilo, na anastahili kujua kwamba wewe uliliona.

Jiandae pia kusikia kwamba picha ilikwisha kutumwa katika zile siku ambazo ulikuta hakuna kitu. Ikiwa hivyo, uso wako katika dakika ile ndio utakaoamua kama ataendelea kusema. Msilipe pesa akitishiwa. Msifute mazungumzo wala namba. Maneno ya mtu huyo yapigeni picha kwenye skrini kabla hayajatoweka, lakini picha ya mtoto mwenyewe usiinakili wala usimtumie ndugu yeyote, hata kwa nia njema, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, na mzazi anaweza kupiga kuomba ushauri hata kabla ya kuamua kushtaki. Kituo cha polisi kikiwa na Dawati la Jinsia na Watoto, omba kuhudumiwa hapo, usieleze habari hizi kaunta mbele ya kila mtu. Binti naye aelezwe kwamba sheria yetu humhesabu mtu wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kwamba katika jambo kama hili mzigo uko kwa mtu mzima anayemfuata, si kwake yeye aliyefuatwa.

Juu ya usimamizi wa baadaye nitasema machache, kwa sababu mtaupanga pamoja, na mipango ya wengine haitawafaa sana. Baadhi ya nyumba huamua kwamba simu zote, za wazazi zikiwemo, hulala sebuleni kuanzia saa nne usiku. TikTok ina utaratibu wa kuunganisha akaunti ya mzazi na ya kijana kwa kijana mwenyewe kukubali, na humwezesha mzazi kuweka mipaka ya nani anaweza kumwandikia. Muda wa kupitia mipaka hiyo upya uwekwe wazi, labda kila muhula, maana mtoto wa miaka 16 leo atakuwa mtu mzima baada ya miaka miwili. Ile simu ya zamani itoe kabatini, na mkishahifadhi yanayohitajika, mpe yeye mwenyewe aiondoe kwenye akaunti yake kwa mkono wake.

Kuhusu baba yake, nadhani ana haki ya kujua, na nadhani pia unajua namna anavyopokea habari. Usimwambie akiwa kwenye usukani. Msubiri ameegesha kwa usiku huo, awe Tunduma au popote, ili hasira yake ipate siku kadhaa za barabarani kabla haijafika nyumbani, na umwombe jambo moja tu, kwamba akifika amkumbatie mtoto kabla ya kuuliza simu iko wapi. Binti naye aambiwe mapema kwamba baba ataelezwa, aelezwe utakachosema, na achague mwenyewe kama angependa kuwapo pembeni yako utakapokuwa unapiga simu hiyo, au akae kwa shangazi yake mpaka umalize.